Mzee Mmoja Mheshimiwa (2006)

Mwalimu Zuura alikuwa na kalamu nyekundu, na hakuwa mchoyo wa wino. Insha ya Aizirek iliporudi, pembeni mwa ukurasa wa kwanza palikuwa na neno moja: "Nani?" Ukurasa wa pili: "Nani huyu?" Wa tatu na wa nne vivyo hivyo, herufi zikizidi kunenepa, na ukurasa wa mwisho, kwenye orodha ya marejeo, mwalimu alikuwa ameshasahau ualimu wake: "NANI JAMANI?" Chini yake aliandika alama: arobaini na sita kwa mia. Kufaulu ni hamsini.

Insha yenyewe ilihusu malisho ya juu ya Naryn, mkoa wao wa milimani, kwa Kiingereza, maneno elfu mbili. Kila mahali ambapo mwanafunzi mwingine angeandika jina la mwandishi na mwaka wa kitabu, Aizirek aliandika "mzee mmoja mheshimiwa (2006)". Mzee mmoja mheshimiwa (2006) anadai kwamba. Kwa mujibu wa mzee mmoja mheshimiwa (2006). Mara kumi na moja, bila kuchoka. Kwenye marejeo, ambako majina hupangwa kwa alfabeti, mzee alikuwa amesimama peke yake juu kabisa, bila jina, kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha kuketi.

"Aizirek, huyu mzee wako ni jasusi?" aliuliza Syimyk, aliyekaa dawati la nyuma na aliyekuwa na macho marefu kwenye karatasi za wenzake. "Mwambie atoke mafichoni, vita vimekwisha."

"Chunga insha yako."

"Yangu ina majina kumi na manne. Sijawasoma hata wawili, lakini majina yapo."

Sisi ambao hatukuolewa katika nyumba ile tunaweza kumtaja mzee bila kuulizwa na mtu. Aliitwa Temirkul Sydyk uulu, yaani Temirkul mwana wa Sydyk, mtaalamu wa malisho aliyestaafu, mwenye kofia ya sufu na meno yanayomuuma. Alikuwa baba mkwe wa Aizirek, na hapo ndipo penye shida yote. Mkazamwana aliyeingia nyumba inayoshika mila halitamki jina la baba mkwe. Halitamki akiwepo, halitamki asipokuwepo, na kama jina lina maana basi na ile maana anaizunguka. Temir ni chuma. Kwa hiyo Aizirek, tangu siku aliyovishwa kitambaa cheupe kichwani, hakuwa amesema neno chuma. Sufuria ya chuma aliiita sufuria ngumu. Dukani aliwahi kuomba "waya wa kile kitu kigumu", na muuzaji, ambaye naye alikuwa na mkazamwana nyumbani, akampimia bila swali.

Angeweza kujificha nyuma ya jina la ukoo, kama wafanyavyo wakazamwana wengi wanapofika ofisini. Lakini mzee huyu, Wasovieti walipoondoka, alilikata jina lake la Kirusi kwa furaha akabaki na lake na la baba yake tu. Yote mawili hayatamkiki. Lile la baba yake ndilo zito zaidi, kwa sababu ni la mkubwa zaidi.

Ofisini, mwalimu Zuura alimwonyesha kiti. Alikuwa mwanamke wa mji mkuu, Bishkek, aliyezaliwa ghorofa ya nne na kusoma Uingereza miaka miwili, akarudi na imani moja isiyotikisika: kauli isiyo na chanzo ni kauli ya wizi.

"Aizirek, hoja yako nimeipenda. Unajua kwamba nimeipenda?"

"Asante, mwalimu."

"Usinishukuru, umefeli." Akaigonga karatasi kwa kalamu. "Unampinga mtu. Vizuri, ndiyo kazi ya insha. Lakini nikikuambia jirani yangu ni mwongo, si utaniuliza jirani yupi?"

"Ni mtu mzima, mwalimu."

"Wote niliowanukuu mimi walikuwa watu wazima. Wengine walishakufa, na hakuna aliyekuja kulalamika."

Aizirek alivuta kitambaa chake mbele kidogo. "Naweza kutumia namba? Naweka moja kwenye mabano, halafu chini kabisa..."

"Chini kabisa unaweka nani?"

"Nilifikiri niweke namba ya kitabu. Ile ya maktaba."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena, kicheko kilikuwa kimekwisha. "Jumatatu, saa tatu asubuhi. Jina, mwaka, ukurasa. Ukiniletea tena mzee mheshimiwa, nakupeleka kwenye kamati kwa kosa la kuficha chanzo, na huko hawacheki."

Angeweza kusema pale pale: ni baba mkwe wangu. Zuura ni Mkirgizi, angeelewa. Lakini Aizirek alijua pia ambacho kingefuata, kile kicheko kidogo cha watu wa ghorofani, "bado mnafanya hayo?", na nyumba yake kugeuzwa kichekesho cha korido. Aliona heri afeli kuliko nyumba yake ichekwe. Alipofika nje kwenye baridi ndipo alipokumbuka kwamba kufeli nako hakuwezi.

Maana kulikuwa na makubaliano. Siku ya tatu baada ya harusi, mama mkwe wake, Bibi Kalipa, alimwambia mbele ya birika la chai: "Soma, sikukatazi. Lakini ukifeli somo hata moja, vitabu tunavifunga, unakaa nyumbani tusaidiane." Kalipa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na magoti mabovu na ng'ombe sita, na alikuwa anasema anachokihitaji. Aizirek alikubali kwa sababu hakuwa amewahi kufeli kitu. Alikuwa binti wa mchungaji wa kondoo, na maisha yake yote alikuwa ameona watu wa mjini wakija na karatasi zilizoandikwa na watu wengine wa mjini, wakimweleza baba yake kuhusu milima. Alitaka siku moja karatasi hizo aziandike yeye. Alitaka sana, kiasi kwamba hakumwambia mtu.

Kile kitabu alikikuta maktabani bila kukitafuta. Utafiti pekee kwa Kiingereza kuhusu malisho ya Naryn, kurasa tisini, picha za kondoo zisizoonekana vizuri. Alipoona jina kwenye jalada, alikifunika haraka kwa mkono kana kwamba amemfumania mzee anaoga. Halafu alikisoma. Na ukurasa wa thelathini na moja, mzee alikuwa ameandika kwamba wafugaji wameacha kupanda malisho ya mbali kwa uvivu, na ndiyo maana nyasi za karibu na vijiji zimekwisha. Uvivu! Baba yake Aizirek alikaa chini ya mlima majira sita ya kiangazi akitazama upande wa pili wa mto, kwa sababu daraja lilikuwa limechukuliwa na maji na hakuna aliyelirudisha. Aizirek alisoma aya ile mara tatu, uso ukamwaka moto, na insha ikaanza kujiandika yenyewe.

Jumamosi alimpigia mumewe simu. Mirlan alikuwa Bishkek kwenye kazi ya kufunga nyaya za umeme, na alikuwa na majibu mepesi kwa kila kitu kisichomhusu.

"Kidole si ulimi," alisema. "Andika, usitamke."

"Na Jumatano nitakapoisoma mbele ya darasa zima?"

"Kohoa."

"Mara kumi na moja?"

"Naryn kuna baridi, watakuelewa."

Alikata simu akiwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Alipokwenda kuichukua insha kwenye kizingiti cha dirisha, hakuikuta.

Ilikuwa mikononi mwa mzee. Temirkul alikuwa amekaa kwenye godoro lake karibu na jiko, maandishi mekundu ya Zuura yote mbele yake, na kando kamusi kubwa ya Kiingereza na Kirusi iliyoshikiliwa na gundi ya karatasi. Alisoma kama alivyokuwa akipanda mlima zamani, polepole na bila kusimama. Ukurasa mmoja kwa birika moja. Na kwa kuwa chai inamiminwa na mkazamwana, Aizirek alilazimika kukaa pale pale na kutazama anavyosomwa. Macho yake yakiwa kwenye karatasi, alimjazia mzee bakuli la chai hadi ukingoni, jambo ambalo kwetu humaanisha kunywa uondoke. Mzee alilitazama bakuli, akamtazama yeye, akanywa.

Jumapili mchana mzee alifika ukurasa wa mwisho. Alifunga kamusi. Aizirek alimpa chai, akaikataa, na katika nyumba ile mzee kukataa chai ni habari ya kupelekwa kwa majirani. Hata Kalipa, aliyekuwa anakanda unga wa tambi kwenye meza fupi, aliinua kichwa.

"Mwanangu," alisema mzee, "huyu mzee mmoja mheshimiwa ni nani?"

Aizirek alipiga magoti. "Ni wewe, baba. Nisamehe. Sikutaka kukupinga, ila lile daraja... nitaifuta. Nitaandika kitu kingine, nitaandika juu ya asali."

"Asali umeijulia wapi?"

"Sijui kitu, baba."

"Basi acha asali." Alifungua kurasa, akaweka kidole. "Hapa unasema mimi sikuwahi kuuliza habari za daraja. Kweli. Sikuuliza. Nilikwenda kwa farasi kutoka upande wa pili, nikahesabu nyasi, nikaandika ni wavivu. Miaka yote hii hakuna aliyeniambia kwamba kulikuwa na daraja." Akafungua tena. "Hapa umenipinga vibaya, hesabu ya kondoo umeisoma kichwa chini, nitakuonyesha. Lakini si hilo linaloniuma."

"Linakuuma nini?" aliuliza Kalipa kutoka kwenye unga. "Kitabu chenyewe nakifunikia chupa za jemu. Ghalani viko vingine mia mbili na sitini."

"Najua viko vingapi, mama Mirlan." Mzee alivua kofia, akaiweka gotini. Sauti yake ilishuka. "Kila Septemba huwa nakwenda maktaba ya chuo. Nakuaga kwamba nakwenda kwa daktari wa meno."

"Kumbe! Ndiyo maana hayaponi!"

"Nakichukua kile kitabu, nafungua nyuma, kwenye karatasi ya mihuri ya kuazima. Miaka kumi na minane karatasi ilikuwa nyeupe. Kumi na minane. Septemba iliyopita nikakuta muhuri mmoja. Nilirudi nyumbani kwa miguu, mji mzima, nikijiuliza ni nani. Labda mtu wa Almaty, nikasema. Labda profesa. Nikakaa nangoja, nikasema lazima ataandika kitu, na akiandika lazima ataweka jina langu, maana wao ndivyo wanavyofanya. Kumbe muhuri ule uko humu ndani, unanimiminia chai. Na umeandika kurasa nane juu yangu, mwanangu, na mimi simo."

Aizirek alikuwa amejiandaa kwa hasira. Kwa hili hakuwa amejiandaa, na machozi yalimtoka waziwazi, hakuyaficha. Alikuwa amemheshimu mzee mara kumi na moja, na kila mara alikuwa amemfuta.

"Nilifanya kwa heshima, baba."

"Najua. Sasa nipinge kwa jina langu."

"Ngoja kwanza," alisema Kalipa.

Hilo ndilo Aizirek alilokuwa analiogopa. Mila hii haiko mikononi mwa wanaume. Wao kazi yao ni kusikia tu. Wanaoilinda ni wanawake, na katika nyumba hii mlinzi alikuwa amesimama, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko.

"Miaka arobaini na moja," alisema Kalipa, "sijalitia jina la mtu huyu kinywani, maana la mume nalo halitamkwi. Nilipojifungua Mirlan, nesi akaniuliza baba wa mtoto anaitwa nani, nikamwonyesha kwa kidole dirishani: yule pale, anayeteleza kwenye barafu. Farasi wake alipovunja mguu mlimani, nilikwenda kijijini kuomba msaada, wakaniuliza ni nani aliyekwama, nikasema mwenyewe, yule mwenyewe, mpaka wakadhani nimerukwa na akili. Na huyu wa juzi, ambaye tambi zake zinakatika kabla ya kufika sufuriani, ndiye alitaje? Mara ngapi?"

"Kumi na moja, mama."

"Kumi na moja!"

"Na kwenye marejeo. Kumi na mbili."

"Ni kwa maandishi tu, mama Mirlan," alisema mzee.

"Na Jumatano anasoma mbele za watu. Unadhani sisikii simu za nyumba hii? Atakohoa! Mwanao ndivyo anavyofundisha mke." Akageuka kwa Aizirek. "Usipoliandika?"

"Nafeli, mama. Kesho saa tatu."

"Ukifeli?"

"Vitabu tunavifunga. Ndivyo tulivyokubaliana."

Kalipa aliwatazama wote wawili, mzee na kofia yake gotini, binti na pua nyekundu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeweka lile sharti, na yeye ndiye mwenye magoti mabovu na ng'ombe sita. Angenyamaza tu, mambo yangemwendea vizuri.

"Haiwezekani," alisema hatimaye. "Nyumba hii ina mkubwa na ina mdogo. Mdogo hatangulii."

Aizirek aliinamisha kichwa. Aliivuta kompyuta yake kutoka juu ya mto wa kuegemea, akaifunga taratibu ili isitoe sauti. Basi, yamekwisha, alijiambia. Aliwafikiria ng'ombe, mmoja baada ya mwingine, na akashangaa jinsi alivyowachukia, wakati hawakumkosea kitu.

"Mbona unafunga?" alisema Kalipa. "Nimemaliza kusema? Nimesema mdogo hatangulii."

Alijipangusa unga, kidole kimoja kimoja. Akakaza kitambaa chake cha kichwa kama mtu anayetoka kwenda ugenini. Hakumtazama mumewe, alilitazama jiko.

"Temirkul," alisema.

Lilitoka vibaya, limekwaruza, na mwishoni sauti ilikatika. Mzee alikuwa ameitwa jina hilo na wakurugenzi, na makarani wa pensheni, na wachungaji waliokuwa wakigombana naye mlimani. Lakini aliinua kichwa kana kwamba kuna mtu amefungua mlango.

"Mwana wa Sydyk," Kalipa aliongeza haraka haraka, mashavu yamemwiva. "Mungu amrehemu na anisamehe. Haya, kuna mtu keshakutangulia. Andika. Na zile hesabu za kondoo mkae mzirekebishe, sitaki kusikia kwamba umefeli kwa kondoo."

Aizirek aliifungua kompyuta. Vidole vilikuwa vizito kwenye herufi za mwanzo, halafu vikaenda. Aliandika kwa Kiingereza, jina zima, na mwaka kwenye mabano: Temirkul Sydyk uulu (2006) anadai kwamba wafugaji ni wavivu. Amekosea. Alitazama kama mzee anasoma, maana ndilo alilolingoja miaka kumi na minane. Mzee hakuwa anasoma. Alikuwa amemgeukia mkewe, ambaye tayari alikuwa amerudi kwenye unga na anaupiga kuliko ulivyostahili.

"Umesema nani?" aliuliza.

"Umesikia."

"Sikio la kushoto siku hizi halishiki vizuri."

"Basi geuza la kulia."

Naye akaligeuza, akatulia, akangoja.